Jiwe la Kijani la Mama Kapinga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa sababu ya jiwe. Nilikuwa kijana wa Kolwezi, mji wa migodi huko Katanga, Kongo, mtoto wa Wakasai walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, na kama watoto wote wa mji wetu nilikuwa nimekulia kwenye mawe. Tuliyachezea, tuliyapanga dirishani, tuliwapelekea mama zetu yale yenye rangi nzuri. Kwa hiyo nilipoona kipande cha kijani kinang'aa chini ya mkanda wa kuchambulia mawe, niliinama bila kufikiri. Kapita Kazadi alinishika mkono kabla sijakigusa.

Kapita, kwa wasiolijua neno hilo, ni msimamizi wa kundi la wafanyakazi. Kazadi alikuwa mtu mnene, mpole, kiongozi wa kwaya ya parokia, na sauti yake ilizoeleka kuwa laini. Siku ile haikuwa laini.

"Weye mutoto," aliniambia, "hapa habakamate jibwe na mukono. Banaliuliza kwanza."

Kuliuliza jiwe kulikuwa na mashine yake. Ilikuwa sanduku dogo la chuma lenye mkanda wa begani na bomba la kushika mkononi, na kazi yake ilikuwa kupima mionzi, yaani ile nguvu inayotoka ndani ya mawe ya urani na kupenya mwilini bila kuonekana, bila harufu, bila joto. Mionzi ikiwa kidogo, mashine inagonga taratibu, tak, tak. Ikiwa mingi, inalia mfululizo kama nyenje kwenye majani makavu, na ndiyo maana sote tuliiita Nyenje. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu na halikumfaa mtu mwenye haraka.

Kapita aliisogeza kwenye kile kipande nilichotaka kukiokota, ikapiga kelele. Kisha akaisogeza kwenye malakiti, lile jiwe la shaba ambalo mafundi wetu huchonga shanga na vinyago vya kuwauzia wageni, nayo ikatulia. Yote mawili ni ya kijani, akanieleza. Lakini malakiti ni kijani kizito chenye mistari kama ubao uliopigwa randa, na lile lingine ni kijani cha majani machanga, na ukilitazama vizuri lina sindano ndogondogo. Ninyi mnaosoma haya, hasa mnaoishi karibu na mashimo, ishikeni tofauti hiyo. Mimi niliishika siku ya kwanza, na laiti ningeitumia kazini tu.

Niwaeleze kazi yenyewe. Katika ardhi yetu shaba, kobalti na urani hulala kitanda kimoja. Wanunuzi wa shaba hawakutaka urani ndani yake, kwa hiyo kampuni ilikuwa na kikosi cha kuyatenga yale tuliyoyaita mawe moto, ingawa mkononi ni baridi kama mawe mengine, na kuyafungia mahali ambapo hayatamdhuru mtu. Zamani, kabla hatujazaliwa, mawe ya aina hiyo yalitafutwa kuliko shaba. Yalichimbwa upande wa Likasi, yakavushwa bahari, yakatengenezewa bomu lililoangushwa Japani. Baba yake Kapita alikuwa mmoja wa waliobeba magunia yale, na mpaka anakufa aliamini kwamba ndani mlikuwa na rangi ya kupaka vyungu. Hakuna aliyemwambia vingine. Kapita alikuwa akitusimulia habari hiyo bila hasira, kisha anatuambia tuvae glavu.

Kutoka kwenye mkanda nilihamishiwa kwenye mzani wa malori, ambako Shefu wa Mzani alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Baadaye niliazimwa Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, chini ya Shefu wa Kituo aliyeamini kwamba mtu wa mionzi ni mchawi wa kampuni. Aliniomba niipime nyumba yake ili ajue ni jirani gani anayemroga. Niliipima. Nilimwambia ni safi, akakasirika. Halafu nikarudi Kolwezi, nikapelekwa Kingamyambo kupima mabaki ya kiwandani, ule udongo wa kijivu unaobaki shaba ikishatolewa. Kazi mbaya si mchezo mwema, na mimi nilikuwa na wadogo wa kusomesha, kwa hiyo nilitembea kwenye udongo ule na Nyenje begani, kiangazi na masika.

Mwishowe nikafika ghalani, kwenye Lango la Pili, na huko ndiko nilikozeekea. Ghala letu lilikuwa shimo kubwa lenye kuta nene za zege, limefunikwa kwa zege, na ndani yake mapipa ya mawe moto yamepangwa. Kuna bomba jembamba linaloshuka kutoka juu hadi katikati ya mapipa. Pale ndipo tulipoteremsha kipimo kuhakikisha kwamba hali ya ndani haijabadilika. Kisha tulizunguka uzio wote kwa nje tukipima tena. Ndani Nyenje ilipaswa kulia. Kwenye uzio ilipaswa kunyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote.

Mkuu wangu pale alikuwa Injinia, mzee wa Kizungu mwembamba, mpweke, aliyejipikia chakula kibaya na kukila chote. Ujana wake wote alikuwa ameufanyia kazi katika kiwanda cha kwao kilichotengeneza sehemu za silaha za nyuklia. Kampuni ilimleta kwetu kwa sababu alijua kuvizika vitu vikazikika. Alitufundisha maneno matatu: muda, umbali, kinga. Kaa muda mfupi, simama mbali, weka kitu kizito katikati. Alitufundisha kuvaa dozimeta kifuani, kile kidude kinachopima ni mionzi kiasi gani imekwisha kuingia mwilini mwako, na kuziacha nguo za kazi langoni, asirudi mtu nazo nyumbani kwa mkewe azifue. Hakuna kinachotoka, alisema. Huko kwao hata penseli haikutoka.

Mchana mmoja, tukila pamoja, nilimuuliza mbona hana pete, naye aliwahi kuoa. Nilikuwa namtania tu. Aliweka kijiko chini. Akasimulia kwamba siku moja kule kiwandani unga wa hatari ulimwingia kwenye mikwaruzo ya pete yake ya ndoa. Waliiosha, wakaisugua, mashine ikaendelea kulia. Basi wakaivua, wakaitia ndani ya pipa la saruji, wakaizika pamoja na taka nyingine. Jioni mkewe akauliza pete iko wapi, na yeye alikuwa amekula kiapo cha kutosema lolote kuhusu kazi ile. Alinyamaza. Mke akaelewa anavyoelewa mke, na baada ya muda akaondoka.

"Wangeniruhusu nimpeleke pale, aone mahali ilipozikwa, ningekuwa na mke mpaka leo," aliniambia. Sikumtania tena.

Sasa turudi kwa Kapita, kwa sababu ndipo uchungu wangu ulipo. Wakati ule sisi Wakasai tulipofukuzwa Katanga, eti ni wageni, familia nyingi zilijazana stesheni zikingoja treni, na Kapita Kazadi alikuwa miongoni mwao na mkewe, Mama Kapinga, na mtoto wao mchanga, Trezo. Mimi nilifichwa na Shefu wa Mzani, Mlunda, mwenyeji wa Katanga, yule wa chai nyingi, Mungu amrehemu. Kapita aliugua njiani, akafa, akazikwa haraka kando ya reli kwenye kituo kidogo, na treni ikaendelea. Mama Kapinga alikuwa na homa, hakulishika jina la kituo. Aliporudi Kolwezi baada ya miaka mingi, Trezo akiwa amekuwa kijana, alinitafuta ghalani, akaniuliza kama kampuni haina ramani ya vituo vyote vya reli. Tulikaa na ramani ile. Aliweka kidole kwenye kila jina, na hakuna jina lililomrudishia kumbukumbu. Basi akawa mjane asiyekuwa na kaburi la kutembelea, na kwetu mjane wa namna hiyo hamalizi kulia.

Trezo hakupata kazi kwenye kampuni. Alichimba kwa mikono, kama vijana wengi wa Kongo nzima waliokuja kwetu wakitafuta kobalti, akishuka kwa kamba kwenye mashimo yasiyo na jina upande wa mgodi wa Mashamba. Alikuwa na sauti ya baba yake. Aliimba kanisani Jumapili na kila mtu aliyemjua Kapita aligeuza kichwa. Siku moja alimletea mama yake jiwe zuri alilolitoa chini, akamwambia aliweke karibu na picha ya baba. Wiki hiyohiyo shimo lilianguka. Waliofanikiwa kutoka walisema Trezo alikuwa chini kabisa. Wenzake walichimba mpaka ardhi ikaanza kuteremka tena, wakaamriwa waache. Hakuna maiti iliyotolewa.

Nilikwenda kwenye kilio na mke wangu. Ua ulijaa watu, kwaya ilikuwa ikiimba. Ndani wanawake walikuwa wamemzunguka Mama Kapinga chini kwenye mkeka, na katikati yao kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe, mahali anapolazwa marehemu ili watu waage. Kwa kuwa marehemu hakuwapo, walikuwa wameliweka juu ya shuka lile jiwe alilolileta. Watu walipita mmoja mmoja, wakaligusa. Mashangazi walilibusu. Nilipofika zamu yangu nilitazama, nikaona kijani cha majani machanga, na sindano ndogondogo.

Wenzangu, nimeona mengi katika kazi ile, lakini sijawahi kujisikia vibaya vile. Nilisimama mbele ya kitanda mikono nyuma, na watu wakadhani nimezidiwa na majonzi. Na kweli nilikuwa nimezidiwa. Sikusema kitu mbele ya kilio. Nilimwomba dada mmoja wa Mama Kapinga, kwa kisingizio cha joto, awatoe watoto chumbani, na kesho yake asubuhi nilirudi na Nyenje.

Mama Kapinga alikuwa amelala na lile jiwe chini ya mto, na mjukuu wa dada yake amelala ubavuni pake. Nyenje ilianza kulia nikiwa bado mlangoni. Yeye alikuwa mke wa Kapita, alikuwa ameusikia mlio ule ukisimuliwa nyumbani kwake miaka na miaka, kwa hiyo sikuhitaji kueleza. Alimwamsha mtoto, akamtoa nje. Kisha akarudi, akaketi kitandani, akaliweka jiwe mapajani.

Nilimwambia ukweli wote, wala sikuutia chumvi. Kwamba jiwe lile halimuui mtu kwa siku moja wala kwa mwezi. Kwamba unga wake ukiingia kifuani hautoki. Kwamba hutoa hewa isiyo na harufu, na hewa hiyo hujikusanya katika chumba kidogo chenye dirisha dogo kama chake. Kwamba kulilalia miaka ni kuyaita maradhi kwa jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Bwana yangu alibakia ku njia, sijue fasi gani," akasema. "Mutoto yangu iko mu shimo, sijue fasi gani. Hii jibwe njo kitu moja tu minajua fasi yake. Na weye, Tata, unataka kulikamata?"

Ningeweza kuita walinzi wa kampuni, sheria iliniruhusu. Nililia pale nilipokaa, mzee mzima na mashine mapajani, naye akanitazama bila kulia. Na katika kulia kwangu nikamkumbuka Injinia na pete yake. Nikamwambia, Mama, tusilitupe. Tulizike. Nitakupeleka mwenyewe, utaona mahali, na kila mwaka nitakupeleka tena.

Kumshawishi Mkurugenzi wa wakati ule kulikuwa kazi nyingine. Alisema jiwe litapokewa kama taka, lakini ghala si makaburi. Nilimwambia kwamba mtaa mzima ule una mawe madirishani, na kama watu wataona jiwe la Trezo linanyang'anywa, hakuna hata mmoja atakayekubali tulipime la kwake. Lakini wakiona linazikwa kwa heshima watakuja wenyewe. Alifikiri, akasema mgeni anaweza kuingia Lango la Pili kwa sharti moja, awe chini ya mfanyakazi wa ghala mwenye kitambulisho chake, na mfanyakazi huyo ajibu kwa kila litakalotokea. Nikasema nitajibu.

Hivyo ndivyo tulivyomzika Trezo. Katekista alivaa ovaroli ya bluu na buti za kampuni, kitambaa cha kanisa shingoni na dozimeta kifuani. Wanawake waliacha maputa yao langoni, ndivyo tunavyoviita vitenge vyetu, wakavaa ovaroli zilizowazidi, wakazikunja miguuni. Waliimba kupitia barakoa. Tuliliweka jiwe ndani ya kisanduku cha risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, kisanduku ndani ya pipa, na badala ya kutupa udongo, kila mmoja alimwaga mwiko mmoja wa saruji. Mama Kapinga alitaka kuvua glavu kwa mwiko wake. Nilimkatalia. Alimwaga na glavu, pipa likateremshwa.

Baada ya hapo watu walikuja kweli, na mawe yao kwenye vikapu na mifuko ya unga, na mengi yalikuwa malakiti tu, wakarudi nayo wakicheka. Machache hayakuwa malakiti. Hayo tuliyapokea.

Na kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, Mama Kapinga alikuja Jumapili baada ya misa, akavaa ovaroli, nami nikamwingiza. Mara ya kwanza nilikuwa natimiza tu wajibu wangu wa kupima: niliteremsha kipimo kwenye lile bomba, Nyenje ikaanza kulia. Yeye akainama karibu.

"Eko anasema," akanong'ona. Kisha akamsalimia kwa Kiluba cha Kasai, "Moyo, Trezo."

Nilimweleza kwamba mlio ule ni wa mapipa yote pamoja, si wa pipa moja. Akaniambia kwamba hata kwenye kwaya watu wanaimba pamoja, na mama anaijua sauti ya mwanawe. Tangu hapo sikueleza tena. Nilikuwa nashika bomba, yeye anasikiliza kwa muda niliouruhusu, kisha namgusa bega tunatoka. Muda, umbali, kinga. Hakuwahi kubishana nami.

Nilistaafu mwaka ambao kampuni ilinunuliwa na nyingine. Walinifanyia sherehe ndogo kantini, bukari, yaani ugali, na kuku, na Shefu mpya wa ghala, binti niliyemfundisha mwenyewe kuishika Nyenje, alisema maneno mazuri kunihusu. Nikarudisha buti, nikarudisha dozimeta, nikarudisha kitambulisho. Watu waliniuliza kama sioni uchungu kuyarudisha. Nikawaambia nina furaha kwamba miguu yangu imetoka mle ikiwa mizima. Sikuwa nimefikiria jambo lingine lolote.

Kiangazi kile Mama Kapinga alikuja nyumbani kwangu baada ya misa, amevaa liputa jipya, ameshika mfuko wa kuwekea nguo zake langoni. Nilipomwona tu nikaelewa: bila kitambulisho singeweza tena kumwingiza. Tulikwenda hata hivyo, kwa mwendo wa wazee, tukisimama kila kwenye kivuli. Mlinzi alimwita Shefu, naye akaja upesi, akatusalimia kwa magoti. Aliniambia kwa aibu kubwa kwamba wenye kampuni wapya wamekataza wageni wote, hata wawe chini ya nani, na kwamba bomba la kupimia limeunganishwa na mashine inayopima yenyewe na kutuma hesabu ofisini. Hakuna anayeinama pale tena. Alikuwa na machozi. Simlaumu, nilimfundisha mimi kwamba sheria ya ghala haina ndugu.

Tulibaki kwenye uzio. Kutoka pale paa la zege linaonekana, limeota majani pembeni. Ninyi vijana mnapenda kutuuliza wastaafu tulifanya nini miaka yote ile, na wenzangu wa shaba wanaweza kuonyesha majengo na reli. Mimi nilikuwa naonyeshwa cha kwangu siku ile.

Mama Kapinga alikuwa ameshika waya kwa vidole. "Tata," akasema, "kama ungekuwa na Nyenje sasa, ingemusikia toka hapa?"

Ningeweza kumdanganya. Ilikuwa Jumapili, hakuna mtu mwingine, na uongo ule haungemdhuru yeyote.

"Hapana, Mama. Toka hapa haisikie kitu. Tulijenga muzuri."

Alilitazama lile paa.

"Njo vile Kapita alikufundisha," akasema.

Akalikaza liputa lake kiunoni, akasogeza uso kwenye waya, akamsalimia mwanawe. Kisha tukasimama, sote wawili, tukasikiliza.